Jinsi ya kumpata mchangiaji wa uloto kwa mgonjwa wa lukemia ukiwa Dar es Salaam

Daktari akishataja kupandikiza uloto, yaani uboho wa ndani ya mifupa, ili kutibu lukemia (saratani ya damu), familia nyingi huanza kwa kuulizana makundi ya damu. Mwenye O anajitokeza wa kwanza, simu zinapigwa hadi Songea na Kigoma, ndugu wanapanda basi, na wiki mbili zinakatika kabla mtu hajawaambia kuwa kundi la damu si kigezo cha kumchagua mchangiaji. Kipimo cha baba halisi wa mtoto, kile cha kwa Mkemia Mkuu, nacho hakisaidii hapa. Kinaangalia sehemu nyingine za vinasaba.

Kinachotafutwa kinaitwa HLA. Ni protini zinazokaa juu ya karibu seli zote za mwili, na askari wa kinga huzitumia kutambua nani mwenyeji na nani mgeni. Zisipolandana, hatari inakuja kutoka pande mbili. Mwili wa mgonjwa unaweza kuzikataa seli shina alizopewa, yaani zile seli za uloto zinazozalisha damu, na seli za kinga za mchangiaji zinaweza kumgeukia mgonjwa na kushambulia ngozi, ini na utumbo wake. Upande wa pili ndio unaotisha zaidi, kwa sababu unaweza kumuua mtu ambaye lukemia yake imeshaondoka.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao kazi yenyewe inatakiwa ifuate. Hatua ya familia tumeiandika kwa kirefu kuliko nyingine, kwa kuwa hapo ndipo muda na fedha hupotea zaidi.

Hatua ya 1: Hakikisha upandikizaji unahitajika, na lini

Lukemia ziko za aina nyingi. Lukemia sugu ya mailoidi, CML, hutulizwa kwa vidonge kama imatinib, na wengi wenye ugonjwa huo hawahitaji upandikizaji. Watoto wengi wenye lukemia kali ya limfoidi, ALL, hutibiwa kwa kemo (dawa za kuua seli za saratani) peke yake. Mchangiaji hutafutwa ugonjwa ukirudi, au ukijionyesha tangu mwanzo kuwa ni wa hatari. Watu wazima wenye lukemia kali ya mailoidi, AML, ndio wanaoambiwa mara nyingi zaidi kuwa upandikizaji ni sehemu ya tiba.

Iwe Muhimbili, Mloganzila au Ocean Road, mwulize daktari bingwa maswali matatu na uyaandike majibu. Ni aina gani hasa ya lukemia? Vipimo vya seli za saratani vinaiweka kwenye kundi gani la hatari? Upandikizaji ungefanyika ugonjwa ukiwa umefikia hali gani? Kwa lukemia kali, matokeo ni mazuri zaidi ukifanyika wakati ugonjwa umetulia, yaani seli changa ndani ya uloto ziko chini ya asilimia 5. Utulivu huo haukusubiri umalize kutafuta ndugu. Kwa hiyo kama kuna uwezekano wowote wa upandikizaji, kipimo cha HLA cha mgonjwa kichukuliwe wiki zilezile za kwanza, kemo ikiwa haijaanza au ndiyo inaanza.

Kule Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na kanuni za kulandana ni hizihizi. Kwa lukemia, familia nyingi za Dar huishia kupewa rufaa ya nje, mara nyingi India. Ukifika huko ukiwa na majibu ya HLA ya familia nzima mkononi, umeokoa majuma kadhaa ya kukaa hotelini ukisubiri.

Hatua ya 2: Chora familia kabla ya kumtoa mtu yeyote damu

Kwa Kiswahili chetu, ndugu ni neno pana. Mtoto wa baba mdogo ni kaka, mtoto wa mama mkubwa ni dada, na baba mkubwa ni baba. Katika maisha hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa HLA, lazima ujue nani katoka kwa baba yupi na mama yupi.

Chukua karatasi. Juu andika baba na mama wa mgonjwa. Jeni za HLA zimekaa jirani kwenye kromosomu namba 6, kwa hiyo hurithiwa kwa pamoja kama fungu moja. Baba ana mafungu mawili: yaite a na b. Mama naye ana mawili: c na d. Kila mtoto huchukua fungu moja la baba na moja la mama, na hapo ndipo zinapotoka aina nne tu za watoto: ac, ad, bc, bd. Tuseme mgonjwa ni ac. Ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa ac kama yeye, nafasi 2 kati ya 4 za kulandana naye nusu, na nafasi 1 kati ya 4 ya kutolandana kabisa.

Ndugu wakiwa wengi nafasi inapanda. Akiwepo mmoja, uwezekano wa kumpata anayelandana kikamilifu ni asilimia 25. Wawili ni 44, watatu 58, wanne 68, watano 76, sita 82. Haifiki 100 hata mkiwa kumi na wawili. Familia yenye watoto wanane inaweza kukosa kabisa, na hapo hakuna aliyekosea kitu.

Sasa wengine walioko kwenye karatasi:

Baba na mama hulandana na mtoto wao nusu, siku zote. Watoto wa mgonjwa, vilevile. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, au mama mmoja baba mbalimbali, ana nafasi 1 kati ya 2 ya kulandana nusu. Kulandana kikamilifu ni bahati ya nadra sana. Mjomba, shangazi, baba mkubwa, mama mdogo: nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa na fungu moja la mgonjwa. Binamu: 1 kati ya 4. Mume au mke si mtu wa kumpima, labda awe pia ni wa damu. Hilo la mwisho si la kupita haraka hapa pwani, kwani kuna familia ambazo binamu wameoana kwa vizazi kadhaa. Wazazi wa mgonjwa wakiwa binamu, mafungu yaleyale yanazunguka ndani ya ukoo, na inafaa kuwapima hata wajomba na watoto wa shangazi. Mwambie daktari jambo hilo wazi, maana ni taarifa ya tiba.

Pacha wa kufanana ana HLA ileile, lakini madaktari hawamkimbilii sana kwa lukemia. Seli zake zinafanana mno na za mgonjwa kiasi kwamba haziitambui lukemia kama adui, na ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi.

Kuna jambo moja linalohitaji staha. Kipimo hiki kinaweza kufichua kwamba mtoto si wa baba anayejulikana, au kwamba aliyelelewa kama mtoto wa kuzaa alichukuliwa akiwa mchanga. Kabla ya kuchukua sampuli, mama azungumze faraghani na daktari au na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, bila mtu mwingine ndani. Ikubaliwe mapema kwamba kila mtu ataambiwa jambo moja tu, kama anafaa kuchangia au hafai, na kwamba jedwali lenye herufi na namba halitabandikwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mgonjwa anahitaji familia iliyo pamoja kwa miezi mingi ijayo.

Hatua ya 3: Angalia damu anayoongezewa

Mgonjwa wa lukemia ataongezewa damu na chembe sahani (zile za kugandisha damu) mara nyingi. Kila mara mwili wake hukutana na HLA za watu wengine, na unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kwa hiyo usikubali baba, mama, kaka au mtoto amchangie mgonjwa damu moja kwa moja, maana hao ndio wanaoweza kuwa wachangiaji wa uloto. Kuchangia damu ya kurudishia kupitia Damu Salama hakuna tatizo, kwa sababu chupa hiyo inaingia benki na kwenda kwa mtu mwingine. Omba damu iliyochujwa chembe nyeupe, na kama hospitali inayo, iliyopigwa mionzi. Yule ambaye tayari anaonekana kufaa apumzike kuchangia damu hadi uloto wake uvunwe.

Hatua ya 4: Chukua sampuli inavyotakiwa

Njia ni mbili: damu au ute wa ndani ya shavu.

Damu. Mililita 3 hadi 5 kwenye kichupa cha EDTA, chenye kifuniko cha zambarau. Kigeuzwe polepole mara 8 hadi 10, kisitikiswe. Kile cha kifuniko cha kijani kina heparini, na heparini huzuia kipimo cha vinasaba kufanya kazi. Kosa hili hutokea pale anayetoa damu anapodhani kichupa chochote kinafaa. Mgonjwa ambaye kemo imemshusha chembe nyeupe anahitaji damu nyingi zaidi, hata mililita 10, na bado vinasaba vinaweza kutotosha. Ndiyo maana tulisisitiza wiki za kwanza. Kichupa kisigandishwe, wala kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani Kariakoo. Kikitoka wodini kiende maabara siku hiyohiyo.

Ute wa shavu. Njia hii inafaa kwa ndugu aliyeko mkoani na kwa mtoto anayeogopa sindano. Asile, asinywe chai, asitafune bigijii wala kuvuta sigara kwa dakika 30 hadi 60 kabla. Mtoto anayenyonya asubiri saa nzima, kwa kuwa seli za mama hubaki mdomoni. Asukutue kwa maji safi. Kijiti cha pamba kisuguliwe ndani ya shavu kwa nguvu kiasi, kama mtu anayepiga mswaki, kikizungushwa, kwa sekunde 30 hadi 60. Vijiti viwili shavu la kulia, viwili la kushoto.

Kisha vikauke, na kwa hali ya hewa ya Dar hapa ndipo watu hukosea. Vijiti vikiachwa wazi kwenye chumba chenye AC hukauka haraka. Kwenye nyumba ya Mbagala mwezi wa nne, mvua zikinyesha, huchukua muda mrefu. Visimamishwe ndani ya kikombe safi, pamba ikiwa juu bila kugusa chochote, mbali na jua. Visipulizwe kwa mdomo, wala visikaushwe kwa mashine ya nywele. Vikishakauka viwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hufunga unyevu ndani, ukungu na bakteria hula vinasaba, na maabara hujibu kwamba sampuli haifai. Bahasha ya karatasi inasafiri vizuri hata kwenye kifurushi cha basi linaloshusha Mbezi Luis.

Majina. Watu wengi hupuuza hili, nalo linaweza kuharibu kila kitu. Ndugu wawili wanaitwa Juma Ally Juma na Ally Juma Ally. Kwenye kitambulisho cha NIDA mpangilio ni mmoja, kwenye faili la hospitali ni mwingine, na kwenye pasipoti umekuja wa tatu. Lebo iandikwe pale kitandani baada ya kutoa damu, kamwe isiandikwe kabla, iwe na majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, uhusiano na mgonjwa, tarehe na saa. Mtu mmoja amalizwe kabla ya kumwita wa pili. Ndugu sita waliokaa kwenye benchi moja, na vichupa sita vilivyoandikwa mapema, ndivyo sampuli zinavyobadilishana.

Kabla ya kulipa, iulize maabara: mnapima hapa au mnasafirisha? Vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009 inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Maabara inayofanya kazi hii kihalali itakuwa na utaratibu na fomu ya ridhaa. Usimkabidhi jamaa anayesafiri vichupa avitie kwenye begi.

Waanze mgonjwa, wazazi kama wapo hai, na ndugu wote wa baba na mama mmoja. Fedha zikiwa chache, msiwapime mabinamu kwanza. Wazazi wanaonekana kama gharama ya ziada lakini wana kazi kubwa: bila wao ni vigumu kujua fungu lipi limetoka kwa nani.

Hatua ya 5: Soma majibu mwenyewe

Daktari atayasoma, lakini nawe ujue unachokiona. Mstari mmoja unaweza kusomeka HLA-B*42:01. B ni jeni. 42 ni familia ya aleli, yaani matoleo ya jeni hiyo yanayokaribiana. 01 ni protini mahususi ndani ya familia hiyo. Kwa upandikizaji unahitaji angalau namba zote mbili, ile ya kabla na ya baada ya nukta pacha. Jibu lililoishia B*42 ni la kiwango cha chini. Likiwa na herufi kadhaa mahali pa namba ya pili, maana yake maabara imebakiwa na uwezekano kadhaa na haijaamua. Herufi N mwishoni inaonyesha aleli isiyotengeneza protini, na hiyo daktari lazima aione.

Jeni zinazohesabiwa ni A, B, C, DRB1 na DQB1. Kila moja ina nakala mbili, jumla 10. Ndiyo maana utasikia "kumi kwa kumi". Wengine huacha DQB1 na kusema "nane kwa nane". Vituo vingine huongeza DPB1 na kufikia kumi na mbili.

Huu ni mfano wa kutunga, ila aleli zake zinapatikana kweli Afrika. Fungu a la baba: A*30:01, B*42:01, C*17:01, DRB1*03:02, DQB1*04:02. Fungu c la mama: A*23:01, B*15:03, C*02:10, DRB1*15:03, DQB1*06:02. Mgonjwa anazo zote kumi. Dada yake anazo zote kumi: huyo ni ac, amelandana kikamilifu. Kaka yake ana fungu a lote, lakini upande wa mama amepata d, ambalo lina B*15:10. Maabara iliyopima kwa kiwango cha chini itaandika B*15 kwa mgonjwa na B*15 kwa kaka, na mtu ataona wamefanana. Hawajafanana, 15:03 na 15:10 ni protini tofauti. Hapo ndipo utaona kwa nini namba ya pili ni lazima.

Kagua mambo mengine mawili. La kwanza, jeni ikiwa na aleli moja tu na kistari mahali pa pili, huenda mgonjwa amerithi ileile kutoka pande zote mbili. Hilo hutokea. Lakini kama jeni zote tano za mgonjwa zina aleli moja moja, na wazazi wake hawana udugu, shuku kipimo. Seli za lukemia zinaweza kupoteza kipande cha kromosomu 6, na damu iliyojaa seli hizo huonyesha nusu tu ya urithi wake. Dawa yake ni kurudia kipimo kwa ute wa shavu, au kwa damu ugonjwa ukishatulia, na kulinganisha na wazazi.

La pili, mara chache, karibu 1 kwa 100, fungu la mzazi hukatika na kubadilishana kipande na fungu lake la pili kabla ya kurithishwa. Ndipo ndugu anapotokea 9 kwa 10 badala ya kumi. Daktari hamtupi mtu wa namna hiyo.

Aliyechaguliwa hupimwa mara ya pili kwa sampuli mpya, iliyochukuliwa siku nyingine. Usikubali kuruka kipimo hiki ili kuokoa fedha. Ndicho kinachokamata vichupa vilivyobadilishana kwenye lile benchi.

Hatua ya 6: Kama hakuna aliyelandana kikamilifu

Zamani safari iliishia hapa. Sasa haiishii hapa, na hili tungependa kila familia ya Dar ilijue siku ya kwanza: mchangiaji wa nusu anakubalika. Njia iliyokuzwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, ni kumpa mgonjwa siklofosfamidi siku ya 3 na ya 4 baada ya kupewa seli, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa wa kilo 60 hupata gramu 3 kila siku kati ya hizo mbili. Seli za kinga za mchangiaji zilizokwisha kuamka kumshambulia mgonjwa hugawanyika kwa kasi, na dawa huua hizo. Seli shina zenyewe zina kimeng'enya kinachozikinga, hivyo zinabaki.

Maana yake, karibu kila mgonjwa mwenye mzazi hai, mtoto mkubwa au ndugu kadhaa ana mtu wa kumchangia. Kwetu sisi, wenye familia kubwa na wachangiaji wachache kwenye sajili za dunia, mlango huu ni mpana kuliko ule mwingine.

Lakini una kufuli lake: kingamwili. Kabla ya kumchagua mchangiaji wa nusu, damu ya mgonjwa, safari hii kwenye kichupa cha kugandisha kwa ajili ya seramu, hupimwa kama ina kingamwili dhidi ya lile fungu la mchangiaji asilolandana nalo. Zikiwa nyingi, uloto hukataliwa. Walio kwenye hatari zaidi ni wanawake waliozaa mara nyingi na wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi. Mgonjwa aliye mama wa watoto watano, ambaye mwanawe wa kiume amejitolea, anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya HLA za baba wa mtoto huyo, alizozipata tangu ujauzito. Mwulize daktari waziwazi kama kipimo hiki kimefanywa, na kirudiwe karibu na tarehe ya upandikizaji, hasa kama ameongezewa damu tena. Kingamwili zikiwepo, kwanza hutafutwa mtu mwingine ndani ya familia. Akikosekana, kuna tiba za kuzipunguza.

Hatua ya 7: Sajili za dunia

Sajili za kimataifa zina wachangiaji zaidi ya milioni 40. Familia haziingii humo zenyewe. Kituo kitakachompandikiza mgonjwa ndicho hutafuta, kwa kutumia majibu yako ya kiwango cha juu. Utafutaji wa awali ni wa haraka. Gharama huanza pale mtu fulani anapoitwa kurudiwa kipimo na seli zinapotakiwa kusafirishwa.

Tusifiche ukweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 ulikadiria uwezekano wa kupata nane kwa nane kuwa asilimia 75 kwa wazungu wenye asili ya Ulaya, na kati ya 16 na 19 kwa makundi ya watu weusi. Sababu ni mbili. Waafrika waliojisajili ni wachache. Na HLA za Afrika zina aina nyingi kuliko za bara lingine lolote, kwa kuwa binadamu ameishi hapa muda mrefu zaidi na magonjwa yameziunda. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa 1991 uliikuta HLA-B53, inayopatikana sana kwa watu wa Afrika Magharibi, ikiwakinga watoto na malaria kali. Utajiri huohuo ndio unaofanya watu wawili wasiojuana walandane kwa nadra.

Kwa hiyo omba utafutaji ufanywe, lakini usiiache familia ikisubiri. Mgonjwa wa Upanga mwenye asili ya Gujarat ana nafasi nzuri zaidi kwenye sajili za India, kama DATRI, na mwenye asili mchanganyiko aeleze asili zote. Vijana wenu walioko London au Toronto wanaweza kujisajili huko waliko. Huenda wasimfae mgonjwa wenu, ila wanaongeza idadi ya Waafrika Mashariki ambao mtu mwingine atawatafuta.

Hatua ya 8: Kuchagua kati ya wanaofaa, na afya ya mchangiaji

Wakipatikana wawili waliolandana sawa, kijana huchaguliwa kabla ya mzee. Mwanaume, au mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba, huchaguliwa kabla ya mama wa watoto wengi, hasa kama mgonjwa ni mwanaume. Kisha huangaliwa kama mchangiaji na mgonjwa wanalingana kwa kuwa na virusi vya CMV au kutokuwa navyo, na uzito. Kundi la damu ndipo linapoingia, mwishoni: likitofautiana, maabara hutoa chembe nyekundu au ute wa damu kwenye mfuko wa seli shina kabla ya kumpa mgonjwa. Baada ya miezi, kundi la mgonjwa hubadilika na kuwa la mchangiaji, hivyo kadi yake ya zamani iwekwe pembeni.

Mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende, malaria, wingi wa damu, na ujauzito. Mwenye selimundu yenyewe hachangii, kwani dawa ya kuamsha seli shina imewahi kuua watu wa aina hiyo. Aliyebeba kinasaba kimoja tu, bila ugonjwa, anaweza kuchangia. Kwa hiyo mpimeni mapema. Hapa nyumbani wapo wengi wasiojijua.

Chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai. Mgonjwa wa lukemia hapewi. Kama nchi mnayokwenda au mnayopitia inadai kadi, daktari amwandikie cheti cha kusamehewa kabla ya kukata tiketi. Mchangiaji achanjwe mapema, zaidi ya mwezi kabla ya kuvunwa.

Hatua ya 9: Kuvuna

Njia ya kwanza ni damu. Mchangiaji huchomwa filgrastimu, ile dawa ya kuamsha seli shina, maikrogramu 10 kwa kilo kwa siku, kwa siku 4 hadi 5. Mtu wa kilo 60 hupata 600, yaani sindano mbili za 300 kila siku. Zikae friji nyuzi 2 hadi 8. Mifupa itamuuma kiunoni na mgongoni na kichwa kitamsumbua. Paracetamol inatosha, aspirini asitumie. Maumivu makali ya kushoto chini ya mbavu au kwenye bega la kushoto si ya kuvumilia, maana yanaweza kuwa bandama. Aende hospitali saa hiyohiyo. Siku ya 5 anakaa saa 3 hadi 5 kwenye mashine inayochuja seli shina na kumrudishia damu iliyobaki. Hutafutwa seli zenye alama ya CD34, yaani seli shina, milioni 2 hadi 5 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mgonjwa wa kilo 60 akilengwa 5, ni milioni 300. Zikipungua, hurudi kesho yake.

Njia ya pili ni uloto wenyewe, unaovutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga kwa nyuma, mchangiaji akiwa amelazwa usingizi. Kikomo ni mililita 20 kwa kila kilo ya mchangiaji. Mtoto wa kilo 20 anaweza kutoa mililita 400 tu, ambazo huenda zisimtoshe baba yake wa kilo 80. Hesabu hii ifanywe kabla ya kumwambia mtoto lolote. Uti wa mgongo hauguswi. Hofu ya kupooza ndiyo inayowarudisha nyuma ndugu wengi, na waelezwe hivyo mapema wakiwa bado nyumbani.

Mchangiaji ana haki ya kukataa, na aulizwe akiwa peke yake, mbali na wazee wa ukoo. Aulizwe kabla mgonjwa hajaanza dawa za maandalizi, kwa sababu dawa hizo huuangamiza uloto wa mgonjwa, na mchangiaji akijitoa hapo mgonjwa hana cha kumrudisha. Kwa ajili hiyo tayarisha pia mchangiaji wa akiba, aliyepimwa mara mbili kama wa kwanza, mwenye pasipoti hai na simu iliyo wazi.